Sakwa Ilipopigwa, na Yaliyofuata

Mwaka 1899 C. W. Hobley, ofisa Mwingereza aliyekuwa na kituo chake Mumias, alipeleka msafara wa kuwaadhibu Wajaluo wa Seme, Sakwa na Uyoma. Bunduki zilishinda na mifugo ikaswagwa. Ila ng'ombe huswagwa mara moja, kutawala ni kazi ya kila siku, na Waingereza hawakuwa na watu wa kukaa Sakwa kila siku.

Wakafanya kama walivyofanya India, walikowaachia maharaja sehemu kubwa ya nchi: wakatafuta ruodhi, watawala wa jadi wa Wajaluo, wakawageuza machifu. Chifu ndiye aliyepita na karani kuhesabu nyumba za kutozwa kodi. Na katika boma la Kijaluo kila mke ana yake. Ya mikayi, mke mkubwa, hutazama lango. Za wenzake hukaa kando. Mzee wa wake watatu alidaiwa kodi ya nyumba tatu, na akikosa pesa, kibarua kilimngoja. Lakini hesabu iliishia kwenye paa. Nani arithi shamba, nani amrithi mjane, hayo yalibaki kwa wazee.

Kisha ikaja Maseno, shule ya wamisheni wa CMS iliyoanzishwa 1906. Wakubwa walitaka walimu na makarani, wakapata na washtaki. Desemba 1921, huko Lundha, Gem, wasomi hao waliitisha mkutano ulioanzisha chama cha Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Mikuki waliiacha nyumbani; walikuja na madai: kodi, kipande (kitambulisho cha kazi), kambi za kazi ya lazima, na Kenya kugeuzwa koloni mwaka 1920. Julai 1922 Gavana Edward Northey ikambidi aende Nyahera, karibu na Kisumu, kuwasikiliza. Kwenye kodi na kambi alilegeza kamba, ukoloni wenyewe hakuugusa. Mwaka uliofuata Padri Walter Owen wa CMS akakigeuza chama hicho kuwa cha ustawi wa walipa kodi. Kwangu mimi, hila hiyo iliwafaa Waingereza kuliko bunduki zote za Hobley.

Haikuwafaa milele. Oginga Odinga, mwana wa Sakwa aliyesoma na kufundisha Maseno, aliwashinda kwa kura. Machi 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, alimwangusha B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kupewa uwaziri na serikali ya kikoloni. Juni 1958 akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kutamka kwamba Jomo Kenyatta, aliyekuwa gerezani Lokitaung, ndiye kiongozi wa Waafrika. Wajumbe wa Kizungu walipiga kelele. Kumfukuza hawakuweza: kiti alikipata kwa sheria walizozitunga wenyewe.