Penseli, Kisu na Ruhusa

Zamani mtu akisema anapeleka picha kusafishwa, alikuwa na maana moja tu: filamu imejaa, inakwenda studio ikaoshwe kwa dawa, naye atarudi baada ya siku tatu na risiti yake mkononi. Neno lingalipo, ila kazi yake imehama. Mwaka juzi niliingia kwenye steshenari moja kupiga picha ya kitambulisho. Kijana akanipiga mara mbili, akainamia kompyuta, akasema, "Subiri kidogo, mzee wangu, nikusafishe." Alipomaliza, kovu la kwenye nyusi nililolipata nikiwa darasa la tatu, nilipoanguka kutoka mwembeni, halikuwapo. Ngozi nayo ilikuwa imetakata rangi mbili tatu. Dirishani nilikoipeleka, mama mmoja akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. "Hii ni ya mdogo wako?"

Kijana yule alidhani anafanya jambo la kisasa. Kumbe upigaji picha ulikuwa haujatimiza hata miaka ishirini tangu utangazwe Paris mwaka 1839, pale Franz Hanfstaengl, mpigapicha wa Munich, alipopeleka kazi yake kwenye Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1855 katika jiji hilohilo. Inasimuliwa kwamba alitundika picha mbili za mtu mmoja, moja kama kamera ilivyoitoa na ya pili ikiwa imepitiwa na penseli. Watu walijazana mbele yake. Tangu hapo mteja aliyeingia studio alijua kwamba uso wake unaweza kujadiliwa bei.

Ufundi wenyewe ulikuwa wa subira. Kwenye negativu ya kioo mambo yamegeuka: kilicho cheusi usoni huwa kitupu, na kilicho cheupe huwa kizito, hivyo mkunjo chini ya jicho huonekana kama ufa unaopitisha mwanga. Fundi alipaka kioo vanishi ili penseli ishike, akachonga penseli ngumu mpaka ncha ikawa kama sindano, kisha akaujaza ule ufa kwa vidoti vidogo. Karatasini mkunjo ukawa haupo. Palipotakiwa giza alichukua kisu chembamba akakwangua. Shavu lilipungua hivyo, na kiuno pia.

Na tusiwaonee mafundi hao. Sahani za karne ya 19 ziliona buluu vizuri sana na nyekundu karibu haziioni kabisa. Madoa mekundu au ya kahawia, ambayo mtu hayatilii maanani anapozungumza na mwenzake, yalitoka meusi kama matone ya lami. Ngozi ya Mwafrika, yenye wekundu wa udongo ndani yake, ilitoka nyeusi kuliko ilivyo. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya penseli ilikuwa kurekebisha uongo wa kamera. Shida ni kwamba mkono ukishazoea kufuta haujui pa kukomea.

Waliokataa nao walikuwapo mapema. Julia Margaret Cameron, mzaliwa wa Calcutta aliyehamia Kisiwa cha Wight huko Uingereza, alipewa kamera mwishoni mwa mwaka 1863 akiwa na miaka 48. Aliziacha picha zake na mikwaruzo, alama za vidole na ukungu pembezoni, na nyuso akaziacha na mikunjo yao. Wakosoaji wa siku zile walimcheka. Baada yake P. H. Emerson, kwenye kitabu chake cha upigaji picha wa kiasilia cha mwaka 1889, aliwadharau waziwazi mafundi wa penseli. Huko Ujerumani, August Sander aliamua kuwapiga wakulima, wenye mabenki, waokaji mikate na wasio na kazi bila kuwaremba. Kitabu chake cha mwaka 1929 kiliwaonyesha Wajerumani jinsi walivyo, na mwaka 1936 utawala wa Wanazi ukaziharibu sahani zake za uchapaji. Dola lililokuwa likihubiri mwili mkamilifu halikuvumilia Wajerumani wa Sander.

Mpaka hapo hadithi inapendeza: wenye hila upande huu, wenye ukweli upande ule. Ningependa iwe hivyo, ila naandika kutoka upande wa dunia ambako mwili usiorembwa ulipigwa picha kwa makusudi mengine kabisa.

Mwaka 1869 mwanabiolojia Thomas Henry Huxley alitunga maelekezo yaliyosambazwa na Ofisi ya Makoloni ya Uingereza. Watu wa makoloni wapigwe picha wakiwa uchi, mbele na ubavuni, pembeni yao kijiti cha kupimia. Hakuna penseli hapo wala pambo lolote. Ni mwili wa asili kama hao wapenda asili wanavyoutaka, na ndiyo picha ya dhuluma kuliko zote nilizozitaja. Majibu yaliyorudi yalikuwa machache kuliko alivyotarajia, na sababu mojawapo ni kwamba watu waligoma kuvua nguo. Mgomo huo ni sehemu ya historia ya picha sawa na kamera ya Cameron, ingawa sijawahi kuuona ukitajwa kwenye makala za urembo.

Zanzibar biashara ilikuja na sura laini zaidi. Studio za Wagoa, ya A. C. Gomes na baadaye ya ndugu Coutinho, ziliuza postikadi kwa abiria wa meli. Kwenye nyingi, mwanamke amekaa kwenye mkeka au ameegemea mto, na chini yake limeandikwa kabila badala ya jina. Naye Cameron huyohuyo, mwaka 1868, alimpiga Alemayehu, mtoto wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia, aliyechukuliwa na jeshi la Uingereza baada ya baba yake kufa Maqdala. Mtoto alikuwa na miaka saba. Huzuni ya uso wake haikufutwa. Lakini nani alimuuliza kama anataka huzuni hiyo ibaki?

Kwa hiyo swali nililobaki nalo si kama penseli imepita au haikupita. Ni nani aliyeituma.

Studio zetu za karne ya 20 zinalijibu vizuri. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, N. V. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942. Waliokwenda kwao walikwenda kwa miguu yao na pesa yao. Bi harusi alijua anataka nini. Walikuwapo waliotaka kung'arishwa na waliotaka chunusi iondoke, na walikuwapo waliotaka kupigwa na redio ambayo nyumbani hawana. Anayedai kwamba watu hao walitawaliwa na urembo wa kigeni anawanyima akili. Walijua vizuri picha si kioo cha chumbani. Ilikuwa salamu, tena ya kutumwa mbali.

Hata hivyo, si kila kitu kilichobadilisha uso wao kilitoka mikononi mwao. Filamu ya rangi ilipoenea, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kampuni. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Kila ngozi nyingine ililazimika kujikunja iingie humo, na picha ya harusi ya watu weusi mara nyingi ilirudi na meno na macho tu yakiwaka. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth alifuatilia habari hizi, na katika makala yake ya mwaka 2009 akaeleza jambo la kuchekesha kwa uchungu: walioisukuma Kodak iboreshe rangi ya kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo.

Na hapa Tanzania kulikuwa na siku ambapo asili yenyewe ilitolewa kwa amri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ni marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Jambo la krimu lilikuwa na hoja nzito, na wanaoujua mkorogo wanaelewa. Lakini jijini Dar es Salaam operesheni iligeuka kukimbizana na wasichana, na vijana wa Kariakoo wakajipa kazi ya kuhukumu mapaja ya wenzao. Penseli ilikuwa imebadilisha mwenyewe, basi.

Ughaibuni, Hollywood iliifanya penseli kuwa kiwanda. Joan Crawford alikuwa na madoadoa uso mzima na mabegani. Ukizitazama picha zilizotoka studio miaka ya 1930 hutadhani. Kisha Februari 1990 ikatoka programu ya Photoshop ya ndugu Thomas na John Knoll. Picha waliyoitumia kuionyesha kwa wanunuzi ni ya mchumba wa John, akiwa amekaa ufukweni Bora Bora, ametupa kisogo. Mwanamke wa kwanza kuchezewa na programu hiyo mbele ya wateja hakuwa hata na uso kwenye picha.

Miaka ya Photoshop ndiyo miaka wanawake walipoanza kuzungumza kwa sauti. Tarehe 15 Agosti 1993 msanii Matuschka alitokea kwenye jalada la jarida la New York Times katika picha aliyojipiga mwenyewe, gauni jeupe limekatwa likiacha wazi kovu la titi lililoondolewa kwa saratani. Mwaka 2002 Jamie Lee Curtis, akiwa na miaka 43, alilitaka jarida la More lichapishe picha yake akiwa na chupi na sidiria, bila taa za kubembeleza, kiuno kikiwa kilivyo. Alitaka pia itolewe picha yake ya pili akiwa amerembwa, wasomaji waambiwe ilichukua watu wangapi na saa ngapi: watu 13, saa 3. Hesabu ile ilifanya kazi kuliko hotuba. Mwaka uliofuata Kate Winslet alisema wazi kwamba miguu iliyo kwenye jalada la GQ la Uingereza imepunguzwa na si yake.

Kesi iliyotugusa sisi ilikuja Novemba 2017. Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico na wazazi Wakenya, alitokea kwenye jalada la jarida la Grazia la Uingereza. Nywele zake za asili zilizofungwa nyuma kama kishungi zilikuwa zimefutwa, na zilizobaki zimelainishwa ziwe sawa na fuvu. Alizibandika picha zote mtandaoni, ya awali na ya baadaye, akaeleza kwamba lau angeulizwa angekataa. Mpigapicha An Le aliomba radhi, na jarida pia. Wiki chache nyuma jarida la Evening Standard la London lilikuwa limeufuta ususi wa mwimbaji Solange. Ususi na nywele huonekana kwa mhariri kama vitu vya kupunguza ili jalada liwe safi. Kwa mtu aliyekaa tangu alfajiri kati ya magoti ya msusi, ni sehemu ya mwili.

Serikali nazo zimejaribu. Israel ilipitisha sheria ya lebo mwaka 2012. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017, inadai tangazo lenye mwili uliopunguzwa au kunenepeshwa liandikwe kuwa limerekebishwa, au faini ya euro 37,500. Norway ikafuata mwaka 2022. Sioni ubaya wake, ila lebo inamwonya anayetazama tu. Aliyepigwa picha haimhusu.

Wakati huohuo simu zimeikamata kazi yote. Kamera nyingi za mbele hulainisha ngozi kabla hata kidole hakijagusa skrini, na mpaka uingie kwenye mipangilio ndipo uzime. Hanfstaengl angalau alionyesha picha zote mbili.

Nyumbani tuna bahasha ya kaki yenye negativu ya mama, kubwa kama kiganja cha mtoto, ya miaka ya sitini. Ukiishika mshazari dirishani unaona vidoti vya penseli chini ya macho na kando ya pua, vimepangwa kwa makini kama ushanga. Nilipoandika makala hii nilimwonyesha, nikamuuliza kama fundi alimwomba ruhusa. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa habari za kitoto.

"Nilimlipa shilingi mbili zaidi," alisema. "Picha ilikuwa inakwenda kwa wakwe."