Nani Atamtunza, Nani Atamrithi

Mwaka 1988, wilayani Muleba, mkoani Kagera, Tanzania, Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia halali. Umri ulikuwa umekwenda na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, mtu wa nje ya ukoo, alimlipa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kutaka mauzo yabatilishwe, kwa sababu mila ya Wahaya ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini si kuliuza. Alishinda pale, akashindwa Mahakama ya Wilaya. Mwaka 1990, katika rufaa, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba katazo hilo ni la kibaguzi na linakwenda kinyume na Katiba.

Wanasheria huitaja kesi hii wanapozungumzia haki za wanawake, na wana sababu nzuri. Lakini ndani yake kuna pia shauri la uzee. Ukoo ulijitokeza kudai shamba, ilhali mwenye shamba alikuwa ameliuza kwa kukosa mtu wa kumwangalia. Nani atamtunza mzee, na nani atachukua mali yake? Mila, dini na sheria zetu zinayajibu maswali haya mawili kwa njia tofauti, na tofauti hizo zina mafunzo.

Tuanze na mila. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, kwa desturi, kihamba (shamba la nyumbani) wanachoishi wazazi humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho. Kaka zake wakishaoa na kutengewa sehemu zao, yeye hubaki na wazee, na nyumba wanayozeekea ndiyo atakayoirithi. Hapo utunzaji na urithi vimefungwa pamoja: mzee anajua atakuwa na nani, na kitinda mimba anajua kwa nini yeye ndiye aliyebaki. Huo ni mpango wenye busara. Kasoro yake imeonekana zaidi siku hizi, kijana huyo anapokuwa Dar es Salaam akitafuta riziki, huku binti au mkwe ndiye anayemwogesha mama na kumpeleka hospitali. Mila humhesabia haki aliye mbali na kumsahau aliye karibu.

Sheria ya Kiislamu inavitenganisha. Kumtunza mzazi ni wajibu wa mtoto, na mzazi masikini ana haki ya kutunzwa na watoto wenye uwezo. Urithi nao una mafungu yake, hauongezeki wala kupungua kwa sababu ya nani alikesha na mgonjwa. Wasia hauvuki theluthi moja ya mali, wala mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Faida yake ni kubwa: mtoto aliye karibu na kitanda hawezi kumshawishi mzee aliyechoka awanyime wengine. Lakini binti aliyeacha biashara yake miaka kadhaa ili amuuguze baba bado atapata nusu ya fungu la kaka yake. Njia ya kumfidia binti huyo ipo, ila lazima itumike mzazi angali hai: hiba yenye uadilifu baina ya watoto, au gharama alizokopesha ziandikwe kuwa deni mbele ya mashahidi. Deni hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mgawo.

Kwa upande wa sheria za nchi, Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inampa mtu uhuru wa kuusia mali yake apendavyo, lakini mahakama inaweza kuwatengea fungu wategemezi walioachwa bila msaada wa kutosha, wakiwamo wazazi waliokuwa wakitunzwa na marehemu. Katika kupima, jaji huangalia pia jinsi mtegemezi alivyomtendea marehemu. Kwa hiyo mzee anayefiwa na mwana aliyekuwa akimlisha ana pa kukimbilia. Lakini mlango huo hufunguka baada ya mazishi, kwa gharama za wakili na tarehe za kesi zinazosogezwa mbele.

Nikiyaweka pamoja, mila ndiyo iliyoelewa vizuri zaidi kwamba utunzaji na mali haviachani. Uislamu ndio unaomlinda vizuri zaidi mrithi aliye mbali, pamoja na mzee dhaifu aliye rahisi kushawishiwa. Mahakama ina nguvu ya kurekebisha, lakini hufika mwisho. Hakuna hata moja inayohakikisha yenyewe kwamba mtunzaji halisi atalipwa. Zote zinahitaji mzee aseme na watoto wasikie kabla akili na afya havijapungua.

Basi tuwaulize wazee wetu wangali na nguvu: mnataka kuishi na nani, na gharama zitoke wapi? Anayetunza alipwe au atengewe kitu hadharani, ndugu wote wakijua. Wosia uandikwe kwa mashahidi wa ndani na nje ya ukoo, na Tanzania unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kikao hicho kifanyike mwaka huu, mwenye mali akiwa ndiye msemaji wa kwanza.