Nani Kashika Maiki? Stori ya Dokumentari za Bongo Kabla ya Simu Janja

Siku hizi mtu akisimama Mbalizi na simu yake, pale kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, malori yanapita, wamama wanauza viazi na maparachichi, dakika tano tu video anayo. Kasheshe ni kwenye kuhariri. Aweke sauti yake juu ya picha? Awahoji wale wamama? Au aache picha ziongee zenyewe? Usidhani ni swali dogo. Hapa nchini lina historia tangu enzi za mkoloni.

Mwaka 1935, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza walianzisha mradi wa filamu za kuwafundisha Waafrika. Hadi 1937 zilikuwa zimetoka filamu kama 35: kuhusu kodi, minyoo, hadi kuweka akiba posta. Zilizungushwa kwa lori. Picha zilikuwa bubu, maelezo yanatoka kwenye santuri, tena kwa lugha za wenyeji. Yaani lugha ni yako, ila maneno ni ya bwana mkubwa. Wewe kazi yako kuonekana tu. Huo ndo mtindo wa msimulizi anayejua kila kitu.

Ukaja mwaka 1959. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanae Michael walikuwa wamerusha ndege yenye mistari ya punda milia, wakihesabu wanyama Serengeti. Michael alifariki kwenye ajali ya ndege Januari mwaka huo. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, ikabeba Oscar 1960. Picha kali, hakuna ubishi. Ila mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walikuwa wanahamishwa kutoka Serengeti kwenda Ngorongoro, na dunia nzima iliisikia stori ya Serengeti kutoka kwa mgeni.

Sasa cheki 1992. Mtanzania, dada Flora M'mbugu-Schelling, akatoa These Hands. Ni wanawake wakimbizi wa Msumbiji wanagonga mawe kuwa kokoto kule Kunduchi, Dar. Hakuna msimulizi kabisa! Unasikia nyundo tu, mawe, na nyimbo zao. Hakuna anayekuambia uwaonee huruma, lakini ukimaliza hutaitazama kokoto kama zamani.

Halafu 2004 Hubert Sauper, wa Austria, akaja na Darwin's Nightmare kuhusu sangara wa Mwanza. Yeye alichagua kuuliza maswali: wavuvi, marubani, mlinzi wa usiku. Watu waliongea wenyewe, ila yeye ndiye aliyepanga majibu yawe hoja moja, kwamba ndege zinazobeba minofu zinahusika na silaha. Mwaka 2006 ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaikosoa hadharani kwamba inaichafua nchi.

Umeona mchezo? Kumpa mtu maiki hakutoshi, kwa sababu mwenye mkasi ndiye anayemalizia stori. Hata asiyeweka sauti yake, kachagua kipi kibaki na kipi kitupwe.

Kwa hiyo yule wa Mbalizi, kabla hajapandisha video yake, awaonyeshe kwanza wale wamama wa viazi. Wakisema "hao ndo sisi", kazi imetiki. Wakinyamaza, arudi akaanze upya.

Wewe ungetumia mtindo gani? Tiririka hapo chini.