Hanna Holborn Gray

Hanna Holborn Gray, mwanahistoria wa Kimarekani aliyezaliwa Heidelberg, Ujerumani, tarehe 25 Oktoba 1930, ndiye mwanamke wa kwanza kukabidhiwa urais kamili wa chuo kikuu kikubwa cha utafiti nchini Marekani, nao ni ule wa Chicago, alioushika tangu 1978 hadi 1993.

Aila yake ilikuwa ya wanazuoni pande zote mbili. Baba, Hajo Holborn, alikuwa mwanahistoria akisomesha Berlin. Mama, Annemarie Bettmann, wa nasaba ya Kiyahudi, alikuwa na udaktari katika elimu ya lugha za kale za Kiyunani na Kirumi. Wanazi waliposhika hatamu mwaka 1933, mwalimu aliyeiunga mkono jamhuri, naye ana mke wa nasaba hiyo, hakuwa tena na makao katika nchi yake; wakahajiri Marekani, na mwaka 1934 Holborn akapata kazi Yale, katika mji wa New Haven, ambako binti alikulia baina ya wasomi waliotoroka dhulma ile ile.

Alikhitimu Bryn Mawr, chuo cha wanawake, mwaka 1950, akapitia Oxford, akapata udaktari Harvard mwaka 1957. Uchunguzi wake ulihusu wanazuoni wa Ulaya wa zama za kufufuka kwa elimu, hasa jinsi walivyouthamini ufasaha wa kauli. Mwaka 1961 alianza kusomesha Chicago, ambako mumewe, mwanahistoria Charles Gray, naye alisomesha.

Kadhia iliyomdhihirisha ni ya mwaka 1969. Wanafunzi walilikalia jengo la utawala yapata majuma mawili kwa kuwa Marlene Dixon, mwalimu wa elimu ya jamii, hakuongezewa mkataba, wao wakidai sababu ni siasa zake na uanamke wake; rais wa chuo, Edward Levi, akakataa kuwaita polisi. Kamati iliyoongozwa na Gray haikuona ithibati ya upendeleo, ila ilipendekeza apewe mwaka mmoja zaidi, naye Dixon akaukataa. Hukumu hiyo haikuwaridhisha waandamanaji, na pengine haikukusudiwa kuwaridhisha: tangu hapo Gray akajulikana kuwa ni mtu asiyesukumwa na makelele.

Vyeo vikafuatana upesi. Mwaka 1971 aliingia katika baraza la wadhamini la Yale, yeye na Marian Wright Edelman wakiwa wanawake wa kwanza humo. Kisha akawa mkuu wa kitivo Northwestern, na mwaka 1974 msimamizi mkuu wa taaluma Yale. Rais wa Yale, Kingman Brewster, alipokwenda London kuwa balozi mwaka 1977, Gray alikaimu urais huo. Lakini cheo chenyewe kilimwendea A. Bartlett Giamatti, mjukuu wa mhamiaji wa Kitaliani, naye Gray akachaguliwa na Chicago.

Huko alikuta nakisi ya fedha, akaiziba kwa ubahili ambao walimu wengi hawakuupenda. Hata hivyo maktaba ya John Crerar iliungwa na chuo na kupata jengo jipya mwaka 1984, ingawa shule mashuhuri ya ukutubi ya chuo hicho ilifungwa mwaka 1989, hasara ambayo wakutubi hawajaisahau. Rais George Bush alimtunuku Nishani ya Uhuru mwaka 1991. Alipong'atuka alirudi kusomesha historia, na kumbukumbu zake, An Academic Life, zilitoka mwaka 2018.