Kibaba, Lumbesa na Mizani: Historia ya Kipimo cha Haki Sokoni

Katika pwani ya Afrika Mashariki, suala la kumlinda mnunuzi na muuzaji dhidi ya dhuluma lilitangulia sheria za karne ya 20, kwa kuwa lilihusu tangu awali chombo cha kupimia na mkono uliokishika. Nafaka zilipimwa kwa ujazo, yaani kwa nafasi zinayoichukua ndani ya chombo: vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vilifanya pishi, iliyokaribia ratili 6 au kilo 2.7. Bidhaa za biashara kubwa, kama vile pembe za ndovu na karafuu, zilihesabiwa kwa frasila, ambayo ni uzito wa ratili 35, yaani karibu kilo 16.

Udhaifu wa ujazo ulifahamika vyema, ndiyo maana wenyeji walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, kilichoachwa na kichuguu juu yake. Aliyekubali bei bila kuuliza ni kibaba kipi angeweza kupunjwa hali chombo ni kilekile. Kwa Waislamu wa pwani, onyo la dhuluma hiyo lilikuwamo katika Kurani, kwani sura ya 83, Al-Mutaffifin, inawalaani wale wanaodai kipimo kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine.

Kilo ilipokuwa kipimo rasmi baada ya uhuru, ujazo haukutoweka, bali ulibaki mashambani na magengeni kwa sura ya gunia, debe na sado. Huko ndiko ilikostawi lumbesa, yaani ufungashaji wa mazao kupita mdomo wa gunia, ambapo viazi au vitunguu hupangwa juu ya ukingo, kisha hufunikwa kwa kipande cha gunia jingine na kushonwa kwa kamba. Kwa kuwa mkulima hulipwa kwa idadi ya magunia, kilo zote zilizo juu ya ukingo huondoka bila malipo. Mchuuzi anapoyafikisha mazao hayo mjini, huyauza kwa kilo au kwa sado, na kila kilichoongezwa shambani huwa faida yake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 iliweka msingi wa kuadhibu udanganyifu wa aina hiyo, na mwaka 2002 Wakala wa Vipimo ulianzishwa ili kuhakiki mizani na kuweka alama kwenye zile zilizokubaliwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilipanua ulinzi huo kwa kukataza maelezo yanayompotosha mlaji, huku Kenya ikiziingiza haki za mlaji katika Ibara ya 46 ya Katiba yake ya mwaka 2010.

Hata hivyo, lumbesa imeendelea licha ya marufuku, kwa sababu mkulima mwenye mazao yanayooza hana nguvu ya kumkatalia mnunuzi pekee aliyefika na lori, na kwa sababu mara nyingi shambani hakuna mizani. Sheria inayotaja haki bila kufikisha mizani mahali mazao yanapouzwa humlinda mlaji wa mjini kuliko mzalishaji. Kwa hiyo vyama vya ushirika na halmashauri vinapaswa kuweka mizani iliyohakikiwa katika kila kituo cha kununulia mazao, na muuzaji asikubali bei kabla ya kuona uzito.