PES ya zamani au eFootball iliyotoka mbichi?

Ndugu zangu, nimekuwa kimya kidogo. Wikiendi iliyopita nilikuwa nyumbani, Nyololo. Wengi mnalijua jina hilo kwa sababu ya Septemba 2, 2012, siku aliyouawa Daudi Mwangosi wa Channel Ten akiwa kazini. Sisi wa kazi hii hatulitaji kirahisi. Lakini leo naomba niandike juu ya Nyololo ya siku za kawaida: njia panda ya kwenda Mgololo, malori ya Zambia, baridi ya Mufindi, na kibanda cha gemu.

Kibanda ni cha mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Kina PlayStation 2 mbili na televisheni mbili za chogo. Sheria ni ile ile ya utotoni: aliyefungwa analipa, mshindi anabaki kitini. Nilikuta ameuza mbao na kununua PlayStation 4 iliyotumika. Hela iliyobaki ilitosha kitu kimoja tu: diski ya PES 2021, au modemu na bando la kushusha eFootball.

“Kamwene, kaka,” alinipokea, na hata begi sijalitua akaniuliza. “Hii mpya ni ya bure. Ya nini nilipie ya zamani?”

Swali zuri. Ila kulijibu inabidi turudi nyuma.

Konami ya Japani ilianza kutoa Winning Eleven mwaka 1995, kwenye PlayStation ya kwanza. Kuanzia 2001 Ulaya wakaiita Pro Evolution Soccer, yaani PES. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani kabla haijaacha kutengenezwa mwaka 2013. Sisi tuliipata kwa njia yetu, mtumba. Nilikuwa darasa la tano nilipomjua Adriano wa Inter Milan kwenye PES 6, gemu ya mwaka 2006. Nguvu ya shuti 99! Kwetu ilifika mahali tukapiga marufuku kuichagua Inter. Konami haikuwa na leseni ya Ligi Kuu ya Uingereza, kwa hiyo baadaye tukazoea Chelsea kuitwa London FC na Liverpool kuitwa Merseyside Red. Nani alijali?

Nilichotaka mdogo wangu akione ni hiki. Kila mwaka ilitoka diski moja, imeisha. Kama ilikuwa na kasoro, baada ya mwezi ulishazijua zote na kuzifungia mabao. PES ya mwisho ya PlayStation 2 ni ya 2014, na ndiyo inayomlisha mpaka leo.

Halafu ikaja Septemba 30, 2021. Konami ikalitupa jina la PES na kutoa eFootball 2022, bure, kwa injini mpya, ikiwa na klabu 9 tu. Master League haikuwemo. Picha za wachezaji wenye sura zilizopinda zikazunguka dunia nzima. Ndani ya siku moja ikawa gemu iliyopewa alama mbovu kuliko zote kwenye duka la Steam, na Oktoba 1 kampuni ikaomba radhi. Toleo la 1.0 lilitoka Aprili 14, 2022. Kumbe miezi sita na ushee watu walikuwa wakicheza kitu kilichopaswa bado kuwa jikoni.

Kutoa gemu mbichi si dhambi. Minecraft iliuzwa tangu 2009 ikiwa haijaisha, ikakamilishwa Novemba 2011, na mwaka 2013 Steam wakaufanya mtindo huo kuwa rasmi. Na niwe mkweli, eFootball ya leo si ile ya 2021. Imerekebishwa sana, na tangu Juni 2022 ilipochukua nafasi ya PES 2021 kwenye simu vijana wengi wanaicheza humo. Hapa Dar hata mimi naicheza.

Lakini kibanda hakiishi kwa bando. Kinaishi kwa watoto wawili kwenye benchi moja, saa kumi jioni, wamevaa makoti. Ukungu ukishuka Nyololo mtandao unasuasua, halafu gemu inadai masasisho ya magigabaiti kabla hujapokea mteja wa kwanza. Diski haimsubiri mtu Tokyo. Timu zimo, Master League imo, na kwa flashi unaingiza jezi unazotaka, hata za Simba na Yanga.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanibana. “Sawa kaka. Ila kwenye hiyo diski Messi yuko Barcelona na Mbappé yuko PSG. Watoto watanicheka.”

Hapo sikuwa na jibu la maana. Mteja wa miaka kumi na miwili hataki historia, anataka Mbappé avae jezi ya Real Madrid. Nikamwambia hayo nayo yanarekebishika, mchezaji mmoja mmoja, kwa mkono. Akaguna.

Juzi usiku alinitumia ujumbe. Amenunua diski, Mafinga, ina mikwaruzo lakini inasoma. Mbappé ameshamhamisha mwenyewe. Ukija Krismasi, kaka, njoo na flashi yenye jezi za Yanga. Za Simba ukisahau si mbaya.