Kilimatinde na Nyika ya Mgunda Mkali

Waarabu huliita jangwa mafaza, neno lenye asili moja na kufuzu na kuokoka. Baadhi ya wanazuoni wa lugha wameeleza kuwa jina hilo ni la kutaka fali njema: mahali pa kuangamia pakaitwa mahali pa salama. Wenyeji wa bara letu hawakuficha jambo. Nyika iliyo baina ya Ugogo na Unyamwezi waliiita Mgunda Mkali, yaani shamba kali.

Katika ukingo wa mashariki wa nyika hiyo, juu ya mteremko wa Bonde la Ufa unaotazama mbuga ya Bahi, ndipo kilipo kijiji cha Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Si jangwa la mchanga. Ni nchi ya vichaka vya miiba, yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo mito hukauka na watu hufukua mchanga kutafuta maji.

Hapa ilipita njia kuu ya misafara baina ya Bagamoyo na Tabora. Burton na Speke waliivuka nyika hii mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Burton aliandika kwamba Wakimbu walikwisha kufyeka sehemu zake na kufanya makazi. Basi waliopunguza ukali wa shamba hilo ni wenyeji, kwa majembe yao.

Wapita njia walilalamika sana juu ya hongo waliyotozwa na watemi wa Ugogo kabla ya kuingia nyikani. Je, ilikuwa dhulma? Tutazame pande zote mbili. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, wamesema kuwa aliyechimba kisima ili akimiliki ana haki ya kutangulia, lakini haifai kumnyima mwenye kiu maji yaliyozidi haja yake. Ziada ndiyo yenye hukumu hiyo. Msafara wa mamia ya watu ukifika kiangazi, ziada iko wapi? Kisima kikikauka, msafara huondoka, na mwenyeji hubaki na watoto na ng'ombe wake.

Tena tusisahau kuwa katika baadhi ya misafara hiyo walikuwamo watumwa. Mfanyabiashara alilalamikia hongo, na malalamiko yake yameandikwa. Kiu ya aliyefungwa mnyororo haikuandikwa naye mwenyewe. Tukisoma habari za wenye mali peke yao, tutakuwa tumehukumu kwa kumsikiliza mdai mmoja, na kadhi hahukumu hivyo.

Wajerumani walifanya Kilimatinde kituo cha kijeshi katika miaka ya 1890. Kisha reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Tabora mwaka 1912. Ilipita Saranda na Manyoni, ikakiacha kijiji kando. Misafara ikakoma, na Manyoni ikawa makao ya wilaya. Kilimatinde imebaki na hospitali yake ya misheni na watu wake.

Njia imehama, lakini haja ya maji haikuhama. Ndiyo maana twasema: anayetaka kuijua historia ya nchi kavu asiulize kwanza nani alipita. Aulize nani alichimba kisima, na nani alikunywa.